Arobaini ya Theognosia

Theognosia alizikwa Jumatano saa tano asubuhi, na Ijumaa saa tatu alikuwa kwenye kiti chake nje ya duka la vitambaa la Yakumi, sindano mkononi, kitambaa cha kitani magotini. Muuza mkate ndiye aliyempelekea habari binti wa marehemu.

"Rodoula, mama yako yuko kazini."

"Kavaa nini?"

"Lile gauni la maua mlilomzika nalo. Limechafuka kidogo kwenye pindo."

Rodoula akazima jiko, akaenda. Kweli alikuwa yeye. Alimbusu shavuni, shavu lilikuwa baridi kama mtungi, na kwa joto lile la Julai haikuwa vibaya. Alimwuliza mbona hakupita nyumbani. Theognosia akasema msimu umepamba moto, na mabasi ya watalii kutoka Lanaka yanafika saa nne.

Kwetu kila mtu anajua kwamba marehemu huzurura siku arobaini, akipita alikopita enzi za uhai wake. Siku ya arobaini tunachemsha ngano, padri anaisomea, naye marehemu anakwenda zake. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kilichomchanganya Rodoula ni kwamba mama yake alizurura mahali pamoja tu, tena pa kazi. Kitanda chake hakikuguswa. Mndimu wake wa uani hakwenda hata kuuangalia. Na hizi nguo za msiba, je, azivue?

"Mama yako kavaa maua, wewe mweusi tii kama kunguru," jirani yake Maroulla alimtania. "Marehemu hasa ni nani kati yenu?"

Rodoula akavaa sketi nyeusi na blauzi ya buluu, akajiona hayuko huku wala kule.

Ndani ya duka la Yakumi hamkuwa na kitambaa hata kimoja kilichotarizwa kwa mkono. Vilikuja kwa maboksi kutoka kiwanda ambacho Yakumi mwenyewe hajawahi kukiona. Kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kina binamu mwenye duka, basi tumefunga midomo. Kazi ya Theognosia ilikuwa kukaa mlangoni. Mgeni akiona bibi kizee mwenye miwani na sindano, moyo unamlainika, anaingia, ananunua. Kitambaa alichokuwa akitarizi kilikuwa kile kile kwa miaka tisa: asubuhi anatarizi, jioni anafumua. Yakumi hakutaka kiishe, maana kikiisha itabidi akinunue.

Sasa, mwanamke wa kwetu hazikwi akiwa na kazi iliyobaki sindanoni. Binti au dada yake huimalizia, hukata uzi, ndipo jeneza lifungwe. Siku ya msiba Rodoula alipekua kabati zote za nyumbani asione kitu, akaridhika. Hakukumbuka kabisa kwamba kitambaa kilikuwa dukani. Alipolitambua kosa lake, alibeba kiti, akaenda kukaa kando ya mama yake, akaanza kutarizi kutoka ncha ya pili. Alitaka kukimaliza kabla ya arobaini, mama apate kupumzika.

Yakumi hakukasirika. Wanawake wawili walivutia wateja kuliko mmoja, na akawaletea mwavuli.

Shida ilikuja jioni. Theognosia alifumua kazi yake ya siku ile, kisha akahamia ya binti yake.

"Mama, ya kwangu usiiguse!"

"Mkono umezoea, mwanangu."

"Lakini unataka kupumzika au hutaki?"

Theognosia akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Sijui," alisema. "Kwani wewe unataka niende?"

 Rodoula alitaka mama yake apumzike, na kila asubuhi alikuwa akiteremka ngazi mbio, kahawa hajamaliza, ili amkute. Alilia kidogo, akavikunja viti. Ikawa hivyo wiki nzima, na wiki iliyofuata, na kitambaa hakikuongezeka hata kidole kimoja.

Arobaini iliangukia Jumapili. Ngano ilichemshwa ikachanganywa na lozi na zabibu kavu, na Padri Neofitos akaisomea bila haraka. Theognosia alikuja kanisani, akakaa nyuma, akala konzi moja ya ngano, akasema sukari haikutosha. Kisha akaomba radhi akaondoka, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mabasi mawili kutoka Limasoli.

"Padri, mbona hajaenda?" Rodoula aliuliza.

"Wengine huchelewa. Tutasoma tena Oktoba, msimu ukiisha," padri alijibu. Kiyoyozi cha kanisa kilinunuliwa na Yakumi, na siku hiyo kilikuwa kikifanya kazi vizuri sana.

Rodoula akarudi kwenye kiti chake. Haukupita muda, mwanamke mmoja mgeni, mabega yameiva kwa jua, alitoka dukani ameshika kitambaa cha meza cha kiwandani.

"Hiki kimetengenezwa na nani?" aliuliza, akiwatazama wote wawili.

Yakumi alisimama mlangoni. Rodoula alimtazama mama yake, naye mama alitazama sindano. Neno la kweli lilikuwa mdomoni. Akilitoa, mgeni atakirudisha kitambaa, Yakumi ataingiza viti ndani, na dunia nzima haina mahali pengine ambapo mama yake huja.

"Mama yangu," alisema. "Kwa mkono."

Mgeni aliweka kiganja kifuani, akapiga picha, akarudi ndani kuchukua cha pili.

Theognosia akamwinamia binti yake.

"Umesema haraka mno," alimnong'oneza. "Sema taratibu, mwanangu, na umshike mkono. Wanapenda kushikwa mkono."