Majina Manne ya Mashimba

Katika kiwanda kile cha minofu ya samaki cha Pasiansi, Mwanza, hakuna kibarua aliyewahi kufukuzwa. Aliguswa bega tu. Josephat, msimamizi wa zamu, alipita nyuma ya meza wakati watu wameinamia sangara, akakugusa bega la kulia kwa vidole viwili, taratibu, kama anayekupangusa vumbi, kisha akaendelea na safari yake. Hapo ulijua. Ulimalizia samaki uliyemshika, ukasuuza kisu, ukavua eproni, ukatoka. Hakuna barua, hakuna kelele, hakuna wa kumuuliza.

Sababu kila mtu aliijua. Sheria ilisema mtu akifanya kazi miezi mitatu mfululizo si kibarua tena. Ni mwajiriwa wa kudumu, ana likizo, ana karatasi ya hospitali, na kumwondoa si jambo la vidole viwili. Basi kiwanda kikajifunza kuhesabu. Ikifika siku ya themanini na tano, bega linaguswa. Baada ya siku nne au tano unaruhusiwa kurudi getini kuomba upya, kwa sharti moja ambalo halikuandikwa popote: uje na jina jingine.

Mashimba alikuwa amekwisha kuja na majina manne. La kwanza lilikuwa la kwake. La pili lilikuwa Shimba, la mdogo wake aliyebaki na ng'ombe wa baba yao huko Magu. La tatu lilikuwa Venant, la jirani. Na sasa, mwaka huo wa tisini na sita, alikuwa Obedi, jina la shemeji yake, na alikuwa ametimiza siku themanini na tatu.

Kwa kisu hakuwa na mpinzani. Mikato miwili upande huu, miwili upande ule, mnofu unatoka mzima kama ulikuwa unasubiri kuitwa. Wengine waliacha nyama mfupani. Yeye aliacha mfupa mweupe, na sifa hiyo alitembea nayo kifua mbele. Aliyelalamika ni mkewe, Suzana, ambaye pamoja na wanawake wenzake alikaanga mapanki ufukweni nyuma ya kiwanda. Mapanki ndiyo mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya.

"Baba Precious, punguza sifa," Suzana alikuwa akimwambia. "Mifupa yako naitambua kabla hata sijaikaanga. Wateja wangu wanataka walambe kitu, wewe unawaletea vijiti vya kuchokolea meno."

Lakini jana yake Josephat alikuwa amemwita pembeni, karibu na mashine ya barafu.

"Obedi."

"Naam, bosi."

"Zimebaki siku tatu. Safari hii ukitoka, usirudi."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Sura yako imezoeleka mno. Hata walinzi wanakuita Mashimba mbele za watu. Siku moja utaniponza."

Mashimba alikuwa na maneno mdomoni, ya moto, yaliyopangika vizuri. Aliyameza. Suzana alikuwa na mimba ya miezi saba. Na mara ya mwisho alipoguswa bega, Josephat alimwacha getini wiki sita nzima, akaenda kubeba mizigo kwenye kivuko cha Kigongo. Huko, mtu aliyesoma naye darasa moja alimtwika gunia kichwani bila salamu, bila hata kumtazama usoni, kama anaweka gunia juu ya mkokoteni. Mashimba alivuka nalo mpaka ng'ambo, Busisi, huku machozi ya hasira yakimtiririka, akasingizia jasho. Aliapa kutorudi kule. Na sasa zilikuwa zimebaki siku mbili.

Saa nne asubuhi mlinzi wa geti aliingia ukumbini akikimbia, kofia mkononi.

"Afisa Kazi! Yuko getini, anafunga baiskeli!"

Josephat alipiga makofi mara tatu. "Vibarua wote nje! Mlango wa nyuma! Eproni ziacheni, kofia ziacheni, visu viacheni! Mkiulizwa, ninyi ni wateja wa mapanki! Haraka!"

Watu arobaini na mmoja walisukumana mlangoni, wakamwagika ufukweni katikati ya moshi na makarai ya mafuta. Wakaangaji wa pale walishtuka, kisha wakaanza kucheka.

"Wateja gani hawa wananuka samaki kuliko samaki?" Suzana alisema.

Odeta, mkaangaji wa karai la pili, akamvuta kibarua mmoja mkono. "Njoo mteja wangu, chagua kichwa. Leo ununue kweli, usinijazie nafasi bure."

Mashimba alisimama karibu na karai la mkewe, akajitia kutazama mifupa ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameivua nyama nusu saa iliyopita. Uso ulimwaka. Mwanamume mzima, fundi, amefukuzwa mezani kama kuku aliyeingia sebuleni!

Ndani, Afisa Kazi aliyeitwa Bwana Mhoja, mtu mfupi mwenye suti ya Kaunda na mkoba wa ngozi uliochakaa, alikuta wafanyakazi thelathini wakichapa kazi. Alikuta pia visu arobaini na kimoja vimelala mezani, vyote vimelowa, na sangara waliokatwa upande mmoja tu. Aliuliza mlango ule wa nyuma unaelekea wapi, na kabla Josephat hajapata jibu, alikuwa ameshatoka.

"Shikamoo, mzee," Suzana alimwamkia.

"Marahaba, mama. Naona biashara imechangamka."

"Tunamshukuru Mungu."

"Wateja wengi."

"Wengi, mzee. Leo wamekuja kwa pamoja."

Bwana Mhoja aliwatazama wateja. Wateja walitazama ziwa. Kisha macho yake yakashuka taratibu, yakatua miguuni mwao, yakakaa huko. Gambuti nyeupe. Jozi arobaini na moja za gambuti nyeupe za kiwandani, zinang'aa juani. Eproni zilivuliwa, kofia zilivuliwa, lakini katika haraka ile hakuna aliyekumbuka miguu.

"Mimi naishi Mkuyuni," alisema. "Kule kwetu watu wanaenda kununua kitoweo na ndala. Kumbe ninyi wa Pasiansi mmeendelea hivi!"

Odeta alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akafunika uso kwa kanga. Vibarua hawakucheka.

"Wewe," Bwana Mhoja alimwuliza wa kwanza, "unafanya kazi wapi?"

"Mimi mteja tu, mzee."

"Na wewe?"

"Mteja, mzee."

Wa tatu mteja. Wa nne mteja. Wa tano alikuwa Mashimba.

Mlangoni, nyuma ya mgongo wa Afisa, Josephat aliinua vidole viwili, akajisugua bega lake mwenyewe.

Mashimba alikiona kitendo kile, na damu ikampanda. Akidanganya, atapata siku mbili. Akisema kweli, huenda akalala polisi kwa kosa la kujiita watu wengine. Lakini siku mbili! Ajikane mbele ya mkewe, mbele ya mtoto aliye tumboni, kwa ajili ya siku mbili?

"Mimi si mteja," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitumbwi. "Nakata minofu humo ndani. Naitwa Mashimba Luhende. Kwenye daftari lao naitwa Obedi, na kabla ya hapo nimeitwa majina mengine mawili ya watu. Mifupa hiyo hapo kwenye karai ni kazi ya mkono wangu. Muulize mama huyu."

"Ni ya kwake," Suzana alisema. "Haina hata nyama."

Waliingia ofisini. Mwenye kiwanda, Mzee Ramniklal, alikuwa kwenye kiti chake, miwani kwenye paji la uso. Babu yake aliuza vitambaa mjini Mwanza, baba yake alinunua pamba, na yeye, tangu milango ya biashara ifunguliwe, alikuwa ameingia kwenye samaki. Pembeni yake alikaa binti yake, Urvi, mtunza daftari la mahudhurio.

"Mzee, huyu hatumjui," Josephat aliwahi. "Anazurura tu hapo ufukweni."

"Gambuti amezipata wapi?" Bwana Mhoja aliuliza.

"Labda ameiba."

Mashimba alimgeukia. Lile neno lilimchoma kuliko yote. "Dada Urvi," alisema, "naomba ufungue daftari."

Urvi alimtazama baba yake. Akafungua. Alikuta jina la Obedi, akageuza kitabu kuelekea kwa Afisa. Kisha, bila kuombwa, akarudi nyuma miezi kadhaa, akaonyesha Venant. Akarudi tena, Shimba. Akarudi tena, Mashimba. Mbele ya majina ya vibarua wengine palikuwa na alama za dole gumba. Mbele ya majina yale manne palikuwa na sahihi, na sahihi ilikuwa ile ile: herufi M kubwa, mkia wake mrefu umepinda kama ndoano.

Kila asubuhi Mashimba alikubali kuitwa jina la mtu, lakini mkono wake ulikataa katakata kuandika sahihi ya mtu. Alifanya hivyo kwa kiburi tu. Sasa kiburi chake kilikuwa mezani, kurasa nne, mbele ya serikali.

"Mimi nilijua tangu alipokuwa Shimba," Urvi alisema polepole.

"Na hukuniambia?" baba yake aliuliza.

"Hukuniuliza, Baba."

Bwana Mhoja alivuta kitabu karibu, akazipitia tarehe kwa kalamu. Alipomaliza alisema, "Mikono hii imeanza kazi hapa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Unamkata siku ya themanini na tano ili asifike, unamrudisha kwa jina jingine. Mzee Ramniklal, tumefahamiana siku nyingi. Nikuandikie nini?"

Mzee Ramniklal alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Bwana Mhoja, na mimi nisikilize. Wiki hii ndege imekuja, wiki ijayo haiji. Leo samaki wamejaa, kesho ziwa limenuna. Nikiwaandika wote, samaki wakikosekana nitawaambia nini? Sheria hiyo hiyo hainiruhusu kuwapunguza mpaka nipite ofisi moja baada ya nyingine, na mwaka unaisha. Naogopa kumwandika mtu. Naona kama naoa."

"Kwa hiyo unaoa siku themanini na tano, halafu unatoa talaka."

"Sheria yenu ndiyo imenifundisha kuhesabu."

Bwana Mhoja alicheka, kicheko kifupi. "Labda ina kasoro zake, sikatai. Tukae siku moja, wewe, mimi na chama chao cha wafanyakazi, tulizungumze hilo la samaki kukosekana. Lakini huwezi kuikwepa sheria kwa kuwaficha watu kwenye moshi wa mapanki. Wote waliozungushwa hapa kwa majina, waandikwe leo. Waliobaki, siku zao zihesabiwe wazi. Na bega la mtu lisiguswe tena."

Mzee Ramniklal alimgeukia Josephat. "Huyu ndiye yule wa mikato miwili?"

"Ndiye, mzee."

"Na ulikuwa unamtoa lini?"

"Keshokutwa. Uliniambia mwenyewe, mzee, kila atakayefika..."

"Nilikuambia, nilikuambia." Mzee alirudisha miwani. Alionekana amechoka, na pia, kwa namna fulani, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Urvi, mwandike."

Urvi alichukua fomu mpya. Mashimba alikuwa bado amesimama, amekakamaa kama anayesubiri kofi.

"Mzee," alimwuliza Afisa, "na lile kosa la majina?"

"Kosa lipi?" Bwana Mhoja alifunga mkoba wake. "Mimi humu nimeona sahihi ya mtu mmoja tu."

Mashimba alipotoka mlango wa nyuma, wale arobaini walikuwa wamesimama, hakuna tena aliyejifanya mteja. Suzana alikuwa na koleo mkononi, macho yamemtoka.

"Wamekufukuza?"

Akatikisa kichwa.

"Polisi?"

Akatikisa tena.

"Basi sema, wewe mwanamume, mafuta yanaungua!"

"Wameniandika," alisema. "Wa kudumu." Kisha akawageukia wenzake. "Na ninyi nendeni. Wote waliowahi kubadilishwa jina, Afisa anawaita."

Hawakungoja arudie. Walimpita mbio, wakigongana mabega. Wawili watatu ambao ndiyo kwanza wana wiki moja walibaki wakiulizana watafanywaje, na Odeta akawapa vichwa vya moto wavitafune wakati wanasubiri. "Na sisi wa mapanki," alisema akicheka, "nani atakuja kutuandika?" Hakusubiri jibu, mteja wa kweli alikuwa amefika.

Suzana aliketi chini kwenye mchanga, miguu ameinyoosha, mkono mmoja tumboni, anacheka na kulia kwa pamoja. Kichwa cha sangara kiliungua kikawa mkaa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara hakujali.

Mashimba alivua gambuti. Alitembea mpaka majini, akasimama na maji yamemfika kwenye vigimbi vya miguu. Alinawa uso mara tatu, akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma, akaitoa yote. Hakukuwa na siku ya kuhesabu. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoamka bila namba kichwani, akashindwa, akacheka peke yake.

"We!" Josephat alipaza sauti kutoka mlangoni. Haikuwa sauti ile ya siku zote. "Sangara wamelala mezani upande mmoja! Watanuka!"

"Nakuja, bosi," Mashimba alijibu.

Akatoka majini, akaketi kwenye jiwe, akakausha mguu wa kulia vizuri, kidole kwa kidole. Kisha akaanza wa kushoto.