Ufunguo Mdomoni mwa Noor

Pale Mbweni, kwenye mteremko wa zege wa kushushia boti, ukiacha gari unaacha na ufunguo. Mteremko ni wa wote, na boti inayorudi na mawimbi haimngoji mtu amalize mambo yake. Ndiyo maana kibandani kwangu, juu ya ndoo ya unga, kuna misumari. Watu wanatundika funguo, wananunua chapati, wanaingia baharini. Gari likiziba njia, yeyote anayejua kuendesha analisogeza.

Didas alikataa. Alikuja na boti yake nyeupe ya kutembeza wageni, akaishusha, akaliacha gari na trela katikati ya zege, akafunga milango. Nikamwonyesha msumari.

"Dada, gari hili unajua bei yake? Nikuachie wewe, muuza chapati?"

Watu wakacheka. Na mie nikacheka, ili yaishe.

Hayakuisha. Mchana ule upepo ulichafuka, Didas akajibanza kisiwani, na mume wangu Khalfani akarudi na boti ya tajiri wake imejaa abiria. Njia imezibwa. Tuligonga vioo vya lile gari, tukalisukuma, wapi! Khalfani akaipeleka boti pembeni kwenye mawe, akaruka majini kuizuia kwa mikono ili watu washuke. Wote walishuka salama. Vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilibaki kwenye yale mawe.

Didas aliporudi alisema, "Kila nahodha aangalie boti yake," akawasha gari akaenda zake. Hata hospitali hakufika.

Tangu siku hiyo Khalfani ananimenyea viazi kwa mkono wa kushoto. Akimpakata binti yetu Noor, ule wa kulia anaufunika kwa kanga yangu, eti mtoto asiogope. Kila nikiiona ile kanga nilikuwa naomba kitu kimoja: Didas auone huo mkono. Na kabla hajauona, aonje kwanza yaliyotupata.

Serikali ya mtaa ikamwambia aache ufunguo au asikanyage pale. Basi Jumamosi akanitupia ufunguo juu ya meza ya chapati, salamu hakuna. Gari aliliacha chini kabisa, trela linagusa maji, kwa kuwa wiki nzima bahari ilikuwa haipandi kupita pale. Lakini mwezi ulikuwa umeandama, na mwezi ukiandama maji yanajaa kupita kawaida. Mgeni huwa tunamwambia: kaka, leo bamvua, panda juu. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Ufunguo sikuutundika. Nikampa Noor, anayeota meno.

Maji yakaja taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda.

"Mama Noor, yameshika matairi," akasema Shomari, fundi wa mashine za boti. "Lete ufunguo nilisogeze."

"Mtoto kaushika."

"Mnyang'anye."

"Atalia."

Shomari akanitazama, akamtazama Noor anavyoutafuna. "Aa, basi tusimlize mtoto wa watu," akasema, akakaa kwenye benchi akaomba chai.

Simu ikaita. "Dada! Naliona gari kutoka huku! Sogezeni gari!"

"Gari la bei ile, kaka? Mie si muuza chapati tu?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Maji yalikuwa milangoni sasa. Taa za gari zikawaka zenyewe, zikazima. Nilisikia raha mpaka kwenye nyayo.

Boti nyeupe ikaja, haina pa kupita. Gari lake mwenyewe ndilo lililoziba njia. Wimbi likaisukuma kwenye mawe yale yale, Didas akaruka majini kuizuia. "Jamani, nisaidieni!"

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wananiangalia mie.

Kisha mtu akanipita, akaweka chini sufuria ya viazi. Khalfani.

"Usiiguse!" nikampigia kelele. "Mwache aonje!"

"Kuna watu ndani, Mama Noor."

Haki ya Mungu, hao watu sikuwa nimewafikiria. Khalfani akaingia majini, akaikamata kamba, akaizungusha kwenye mkono wenye vidole viwili, kanga haipo. Ndipo Shomari na wenzake wakamfuata. Boti ilipasuka ubavu, wageni wakashuka wamelowa tu. Na Didas alikuwa amesimama pale, uso wake na ule mkono vinatenganishwa na kamba, hana pa kupeleka macho.

Akaja kibandani anachuruzika. "Naomba ufunguo," akasema polepole.

Noor hakutaka kuuachia. Khalfani akanyoosha mkono ule ule kumwomba, akakumbuka, akataka kuurudisha. Mtoto akawahi. Akadondosha ufunguo mchangani, akakamata kidole kimoja kati ya viwili, akakitia mdomoni, akacheka.

Khalfani akaanza kutafuta kanga kwa macho.

"Usiufunike," nikamwambia. "Mwache aangalie."