Mashine Haijui Harusi

Kosa la Joash Onchiri lilikuwa kuomba ruhusa injini ikinguruma. Ilimbidi apaze sauti, na wanawake wote waliopanga foleni na madebe yao ya mahindi wakasikia kwamba Gesare, binti yake wa kwanza, angeolewa Jumapili, na kwamba baba mtu alikuwa akiomba siku hiyo moja tu.

Zachariah, mwenye mashine ya kusaga, hakuinua macho kutoka kwenye mizani. Hakuwa mtu mbaya. Kila Jumamosi, siku ya Sabato, alifunga mashine akaenda kanisani, na ndiyo maana Jumapili watu walimiminika pale Keroka kuliko siku nyingine yoyote.

"Mashine haijui harusi," alisema. "Ukienda, siku hiyo huna mshahara. Na Jumatatu usishangae ukimkuta mwingine ameshika kazi."

Joash akarudi kumimina mahindi. Alikuwa amesaga pale tangu enzi za mkoloni, na likizo yenye malipo aliijua kwa kuwasikia walimu wakiizungumzia. Malaria ilipomshika, alisaga huku amejifunika blanketi. Hata habari za kuzaliwa kwa Gesare zilimkuta palepale, zimeletwa na jirani yake, Bitutu, aliyekuja kusaga wimbi.

Jioni alimweleza mkewe, Persis, ambaye alisema basi kaka yake, Nyamongo, atamshika bibi harusi mkono. Joash akalisifu koti la Nyamongo. Alitamani kusema kwamba kazi hiyo ataiacha, lakini wadogo zake Gesare walikuwa bado shuleni.

Jumapili alivaa shati jeupe, akavaa ovaroli juu yake, akaenda kuwasha injini. Hakuna aliyekuja. Zachariah alifika, akaketi kando ya mizani, akangoja. Barabarani watu walipita na kuku, na mikungu ya ndizi, na vikapu. Hata mmoja hakukata kona kuingia. Injini ikazidi kunywa dizeli bure, ikimwangushia Joash unga wa zamani kutoka kwenye mabati.

Mwishowe akaja Bitutu, mkongojo mkononi, amevaa gauni lake la kanisani. Nyuma yake barabara ilijaa wanawake wakiimba, wamejitwika zawadi.

"Mahindi yako wapi, mama?" Zachariah akamuuliza.

"Nyumbani. Leo hatusagi, mwanangu. Tunaenda harusini."

"Nyote?"

"Nyote nani? Hata wewe ulialikwa." Akamgeukia Joash. "Mimi ndiye niliyekuletea habari zake alipozaliwa. Leo nimekuja kukuchukua."

Zachariah aliwatazama wale wanawake, akaitazama injini, kisha akainuka akaizima mwenyewe. Joash hakuwahi kuusikia ukimya mle ndani siku ya Jumapili. Aliweza kusikia hata shomoro juu ya mabati.

"Nenda," Zachariah akasema. "Lakini mshahara wa leo sikulipi."

"Sawa, mzee," Joash akajibu, na ovaroli ilikuwa tayari imemfika magotini.

Walimfikisha kanisani nusu akitembea, nusu akisukumwa. Mlangoni Nyamongo alikuwa amekwisha kumshika Gesare mkono. Alipomwona shemeji yake akauachia, akarudi nyuma na koti lake zuri, akicheka. Gesare akachukua ncha ya shela akampangusa baba yake unga masikioni, na mchungaji akangoja hadi amalize.

Jumatatu foleni ilifika barabarani. Mahindi ya siku mbili, na vicheko vya harusi bado midomoni. Joash alipita katikati yao, akichungulia mlangoni kuona ni nani aliyepewa kazi yake.

Ndani alikuwamo Zachariah peke yake, amevua koti, amesimama mbele ya injini iliyopoa.

"Hao mabinti zako wengine," aliuliza bila kugeuka, "nao wataolewa Jumapili?"

"Bila shaka, mzee."

Zachariah akavuta pumzi, akakunja mikono ya shati. "Basi nionyeshe inavyowashwa."

Joash akamshikisha hendeli, akaweka mkono wake juu ya mkono wa tajiri. Huko nje wanawake walinyamaza, madebe vichwani, wakisikiliza.