Jitu la Darajani

Kaka yake alikufa tena kabla ya chakula cha mchana, na simu ikaita.

"Limeniua," alisema kaka yake, bila hata salamu.

"Jitu?"

"Nani mwingine? Rungu la kwanza nimelikwepa, la pili nimelikwepa, la tatu nimeliona linakuja kabisa, mdogo wangu, kama ninavyouona ukuta huu, na bado limenitwanga. Limenitupa mtoni na upanga wangu."

Dada yake alisogeza mkebe wa chakula kando ya kompyuta, akaegemea kiti na kujitahidi tabasamu lake lisisikike. "Labda unabonyeza mapema."

"Nikibonyeza mapema, linasubiri. Nikichelewa, halisubiri. Nani aliyelifundisha adabu hiyo?"

Aliyelifundisha ni yeye. Katika ofisi ile ya watengeneza michezo ya kompyuta, wengine walichora misitu na majumba ya wafalme, wengine walitunga maneno, mmoja alipiga muziki. Yeye alipanga uzito wa mambo: rungu liumize kiasi gani, dawa ya chupani irudishe uhai kiasi gani, adui avute pumzi muda gani kabla ya kushambulia. Shujaa wa mchezo wao alikuwa mmoja, na mchezaji alikuwa mmoja, akivuka falme zilizojaa mazimwi bila rafiki wa kumshika mkono, kwa hiyo kila kipimo kilipaswa kumtosha mtu aliye peke yake. Wenzake walimwita Bi Mizani, nusu kwa utani na nusu kwa heshima.

Ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani. Mchezaji akifa hujilaumu mwenyewe, akishinda hujisifu mwenyewe, na katika lawama na sifa zote hizo Bi Mizani hayumo. Alikuwa amezoea kutokuwemo. Alikaa katika nyumba ya vyumba viwili, sahani moja kwenye kichanja cha vyombo, na Jumapili nyingine zilipita asiseme neno lolote isipokuwa kumjibu muuza mkate.

Kaka yake alikuwa fundi saa upande wa pili wa mji. Hawakuwa wamegombana kamwe, ila hawakuwa na mazoea ya kuongea. Aliyewaunganisha alikuwa wifi yake. Wifi ndiye aliyepiga simu, akacheka, akauliza habari, kisha akamsukumia mumewe simu kwa nguvu: ongea na dada yako. Wifi alipofariki, mazungumzo yao yakakauka yakabaki mifupa. Mzima? Mzima, wewe je? Mzima. Haya. Na mwezi mwingine ukapita.

Kisha ofisi ikatafuta watu ambao hawajawahi kugusa mchezo wa kompyuta ili waujaribu, naye akampelekea kaka yake mashine. Kaka yake aliiangalia kama mtu aliyeletewa mbuzi ndani ya sebule. "Mimi na mvi hizi nikapigane na mazimwi?" alisema. Lakini jioni za mjane ni ndefu, na siku chache baadaye simu ikaita. "Nimefika darajani," alisema. "Kuna dude hapa halitaki watu wapite."

Tangu hapo alipiga karibu kila siku. Walianza na jitu, na jitu likawafungulia njia. Kutoka kwenye rungu walihamia kwenye paa lake linalovuja, kutoka kwenye paa wakahamia kwa mama yao alivyokuwa akiimba vibaya kwa kujiamini, na siku moja, katikati ya habari za ngao, kaka yake alisema kwamba nguo za wifi bado zimo kabatini na hajui azifanye nini. Kisha akauliza kama ngao ya chuma ni bora kuliko ya mbao, naye akamjibu.

Yalikuwa maongezi matamu kuliko yote aliyopata kwa miaka mingi, na alijua yanategemea nini. Kwa hiyo siku kaka yake aliposema, "Leo nililibakiza na uhai mdogo tu, kesho nalimaliza," hofu ilimwingia. Alijua kilichopo ng'ambo ya daraja. Kulikuwa na bonde la kijani, refu, lenye njia moja iliyonyooka na mbwamwitu wadogo wasio na madhara. Yeye mwenyewe ndiye aliyelilainisha, ili mtu aliyetoka kwa jitu apate kupumua. Katika bonde lile hakuna ambaye angehitaji kumwuliza mtu kitu.

Alasiri ile alifungua vipimo vya jitu. Palikuwa na tarakimu iliyoamua muda kati ya rungu kuinuka na rungu kushuka, muda ambao mchezaji anapaswa kubonyeza kitufe na kukwepa. Akaipunguza kidogo. Alijiambia kwamba ushindi wa bure hausisimui, kwamba wachezaji hupenda kutoka jasho. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana alijiamini. Mchezo uliorekebishwa ukatumwa kwa wajaribu wote, na kesho yake kaka yake akapiga simu akilaani, naye akacheka naye mpaka akafuta macho.

Kila kaka yake alipokaribia kushinda, Bi Mizani alikaza tena.

Mchoraji aliyelichora jitu, mwanamume mpole mwenye rangi kwenye kucha siku zote, alikuja kusimama mezani pake. "Bi Mizani, jitu langu umelilisha nini? Wajaribu wanaliogopa kuliko daktari wa meno."

"Watazoea."

"Wanaacha, hawazoei. Wewe mwenyewe unalipita?"

"Nalipita," alisema.

Alikuwa amesema uongo. Alikuwa amejaribu mara nyingi, akafa mpaka vidole vikalowa jasho. Mkuu wa ofisi alipouliza kikaoni, alitetea vipimo vyake kwa maneno mazuri sana, na kwa kuwa hakuwahi kukosea, walimwamini. Lakini alifahamu fika kwamba lile halikuwa jitu gumu tena. Lilikuwa ukuta uliochorewa uso.

Kisha simu zikakoma. Siku ya kwanza alifikiri kaka yake ana wateja wengi. Siku zilizofuata aliiweka simu mezani kioo kikitazama juu, akaigusa mara kwa mara kuhakikisha haijazimika. Hakupiga yeye. Katika muda wote ule hakuwa amewahi kupiga hata mara moja, kwani mwenye shida ndiye hupiga, na shida ilikuwa kwa kaka yake. Jumamosi asubuhi uvumilivu ukamwisha, akaenda.

Kibanda cha kaka yake kilibanwa kati ya duka la dawa na mahali pa kutolea nakala. Alimkuta akimrudishia mteja saa, mama mmoja mnene aliyevaa miwani.

"Mpelekee fundi mwingine, mama," kaka yake alikuwa akisema. "Hii inataka mikono mizima."

"Mimi nimekuzoea wewe."

"Najua. Nisamehe."

Mama yule alitoka akiguna, saa yake ndani ya bahasha, akaingia duka la dawa la jirani. Juu ya meza palikuwa na bahasha nyingine nyingi, zote zimefungwa, na pembeni sanduku la mashine ya mchezo, nyaya zimeviringishwa kwa unadhifu wa fundi.

"Ningekuletea mwenyewe," kaka yake alisema, akilionyesha sanduku kwa kidevu. "Nafunga kazi, mdogo wangu. Nimewarudishia watu saa zao kabla sijawaharibia."

"Unafunga? Kwa nini?"

Kaka yake alinyoosha mikono juu ya kioo cha meza, viganja chini. Ilikuwa imetulia kabisa.

"Haitetemeki," alisema Bi Mizani.

"Ingetetemeka ningejua siku nyingi. Inachelewa. Jicho linaona, mkono unafika baadaye. Saa hizi ndogo hazimsubiri mtu, ukigusa kwa kuchelewa umekata kitu chembamba kuliko unywele." Aliikunja mikono, akaificha chini ya meza. "Nisingejua kama si gemu lako. Mwanzoni nilikuwa nalikaribia lile jitu, unakumbuka. Nikasema nitajipimia hapo. Basi nimejipima kila siku, na kila siku nimepungua. Kwa kweli nakushukuru. Nimetahadharishwa mapema."

Ukutani saa za watu zilikuwa zikisema nyakati tofauti. Bi Mizani alitafuta kiti, akakumbuka kwamba kiti cha wateja ni kigoda kilichokuwa pembeni, akaketi. Aibu ilimjaa. Angeweza kwenda ofisini Jumatatu, alilegeze jitu, asiseme kitu, amrudishie kaka yake mashine na kumbembeleza ajaribu mara moja tu. Angeshinda. Angesema mikono imepona. Lakini kaka yake hakuwa mtoto, na kama fundi alijua kwamba saa iliyoharibika haijitengenezi yenyewe kwa kulala, wala mikono.

"Kaka, si mikono," alisema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Hukupungua. Mimi nilikuwa nalikaza."

Kaka yake alimtazama bila kuelewa.

"Kila ulipokaribia kulishinda, nilipunguza muda wa kukwepa. Mimi mwenyewe silipiti. Mchoraji wake halipiti. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kulipita lilivyo sasa, hata wa kijana."

"Ulikosea hesabu."

"Sikukosea."

"Basi kwa nini?"

Alitazama zile bahasha. "Ukivuka daraja, mbele kuna bonde. Bondeni hakuna shida yoyote. Usingenipigia simu."

Kaka yake alivua lenzi iliyokuwa ikining'inia shingoni kwa uzi, akaiweka mezani taratibu.

"Nimekuwa nikilala," alisema hatimaye, "nikijua nimekwisha."

"Najua."

"Hujui. Mke wangu ameondoka, nikasema basi, mikono ipo. Kisha nikaona mikono nayo inaondoka. Hujui hata kidogo."

Ilikuwa kweli.

"Ungesema tu nikupigie."

"Ningesema nipigie kwa ajili ya nini?"

Kaka yake akainuka, akampita pale kigodani bila kumgusa, akatoka mlangoni. "Mama," aliita kuelekea duka la dawa, "mama wa miwani. Hebu irudishe hiyo saa."

Mama alirudi, akasema alijua tu, akaondoka tena mikono mitupu. Kaka yake aliivaa lenzi jichoni, akafungua mgongo wa saa, akachukua kibanio. Alisita. Vidole vyake vilikaa juu ya saa kwa muda, kama vya mtu anayejaribu joto la chuma cha kupigia pasi. Kisha vikaingia. Yeye aliuona mgongo wa kaka yake ukiinama na kutulia, na akaelewa kwamba hatageuka. Akainuka, akalishika sanduku la mashine.

"Liache," kaka yake alisema, macho kwenye saa.

Aliliacha, akaenda zake.

Jumatatu alimwambia mkuu wa ofisi kwamba amekosea vipimo vya daraja. Hakusema zaidi, na mkuu, aliyekuwa amesubiri maneno hayo kwa hamu, hakuuliza. Alilirudisha jitu pale ambapo mtu wa kawaida, akifa mara za kutosha na kuwa na subira, atalishinda. Wajaribu wakaanza kuvuka. Mchoraji alileta maandazi, akaweka moja juu ya kompyuta yake. "Jitu langu limerudi kuwa na utu," alisema.

Kila mashine ya mjaribu iliipasha ofisi habari za mchezaji wake amefika wapi. Kwa siku kadhaa hakuangalia, kisha akaangalia. Kaka yake alikuwa ameshavuka. Alikuwa bondeni, akienda polepole katikati ya majani, akisimama hapa na pale pasipo na kitu cha kuua, kana kwamba anatazama mandhari. Hakuna kilichomsumbua na hakuna alichohitaji kuuliza. Bi Mizani aliona jinsi alivyolipanga vizuri bonde lile.

Simu haikuita siku ile, wala zilizofuata. Hakumlaumu. Mtu aliyefanyiwa jambo kama lile ana haki ya kunyamaza, tena kwa muda anaoutaka mwenyewe.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, ofisi imebaki na watu wachache, alipoichukua simu. Alitafuta sababu. Lilikuwepo paa linalovuja. Zilikuwepo nguo za wifi, angeweza kujitolea kwenda kusaidia kuzikunja. Kulikuwa na pango mwisho wa bonde, na mtu angeweza kumwonya mwenzake. Aliziweka chini moja baada ya nyingine, mpaka akabaki hana kitu mkononi isipokuwa simu. Akapiga.

Iliita sana kabla kaka yake hajapokea. "Kuna nini?"

"Hakuna."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kazini?"

"Kazini salama." Alisogeza mkebe wa chakula kando. "Nimepiga tu."

Alisikia kitu cha chuma kikiwekwa juu ya kioo.

"Nina saa ya mtu mkononi," kaka yake alisema.

"Basi endelea na kazi, kaka. Samahani."

"Nimesema nina saa ya mtu mkononi. Sijasema ukate."

Simu ililazwa mezani. Alisikia kiti kikivutwa, kibanio kikiokotwa, na ile pumzi nzito ya puani ambayo kaka yake huvuta anapogusa kitu chembamba. Alibana simu sikioni kwa bega. Hakuna aliyesema neno, na chakula kilipoa ndani ya mkebe, na hakuna aliyekata.