Kadi Tisa za Chiriku

Mama mwenzangu, kama una mtoto kama wangu, soma hadi mwisho. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea.

Binti yangu ana miaka kumi na saba. Tunamwita Chiriku kwa utani, maana haongei. Anaguna wimbo wake mmoja kutwa nzima. Akili yake inakua polepole tangu azaliwe. Zamani kumwogesha ilikuwa vita. Hajui kinachofuata, basi anaogopa, na akiogopa anajigonga kichwa ukutani. Ndipo nikakata boksi la sabuni, nikalitundika: maana yake kuoga. Kipande cha pakiti ya unga: kula. Kitambaa cha foronya yake: kulala. Kadi tisa kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo. Jambo likiisha anabandua kadi mwenyewe, anainusa, anaitia kwenye kopo. Ilichukua miaka miwili, lakini aliacha kujigonga.

Mwalimu wake wa kituo cha watoto wenye ulemavu alipokuja kututembelea akaziona. Alisimama hapo hapo hadi chai ikampoa mkononi.

"Mama Chiriku, nani kakufundisha hii?"

"Nani anifundishe? Shida tu."

Mwezi uliofuata akaja na habari. Anaomba nafasi chuo kikuu, asomee masta ya huduma na uongozi kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji. Wanachukua wachache, na kila mwombaji lazima aonyeshe kazi aliyoifanya na familia moja. Mzazi atapigiwa simu.

"Niazime kadi siku tatu, nizipige picha vizuri," alisema. "Na wakikupigia usiogope, dada yangu. Wana maneno ya kiofisi hao. Wewe sema ndiyo tu. Nikiwa mkubwa nitakumbuka nani alinishika mkono."

"Mkubwa wapi, na ulivyo mfupi."

Tulicheka, nikampa. Huyu ndiye aliyemfunga Chiriku kamba za viatu miaka minne. Ningemnyimaje?

Siku tatu zikawa wiki tatu. Chiriku alikuwa anasimama mbele ya kamba tupu, anashika vibanio kimoja kimoja. Siku ya nne akagoma kuoga. Ya sita akarudi ukutani. Nikawa namfunga mto kichwani kwa mtandio. Nikimpigia mwalimu: "Kesho, mama. Ziko kwenye bahasha."

Simu ya chuo ilinikuta nafua. Mwanamke, sauti ya heshima.

"Unathibitisha kwamba mwombaji ndiye aliyebuni mfumo wa kadi unaotumika nyumbani kwako?"

Nilisikia "kadi", nikasikia "nyumbani kwako". Mikono imejaa povu. "Ndiyo."

"Na kwamba alikupa mafunzo ya kuutumia?"

"Ndiyo."

"Kabla yake hukuwa na njia yoyote?"

Hapo nilielewa. Sitadanganya, nilielewa vizuri sana. Chumbani nilisikia kichwa cha mwanangu, du, du. Nikawaza: nikikataa atakosa nafasi, na kadi hazitarudi.

"Ndiyo," nikasema.

"Asante, mama. Umemsaidia sana."

Mwalimu alipata nafasi. Alikuja na soda na bahasha. Ndani mna kadi tisa mpya, zimechapwa, zimefunikwa plastiki ngumu, zinang'aa. Nyuma ya kila moja jina lake mwalimu.

"Zile za zamani ziko wapi?"

"Wamebaki nazo, mama. Wameziweka kwenye kabati la vioo, wanafunzi wazione." Alisema kama ananipongeza.

"Wameandika ni za nani?"

Akanywa soda kwanza. "Si ulithibitisha mwenyewe?"

Mtu amekula kwangu, amemshika mwanangu mkono, kumbe siku zote alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na muhuri niligonga mimi.

Chiriku aliichukua kadi ya kuoga. Akainusa, akaigeuza, akainusa tena. Plastiki haina harufu ya sabuni. Akamrudishia mwalimu mkononi, taratibu, kama anayerudisha kitu cha jirani. Halafu akaenda ukutani.

Mwalimu alitazama saa, akasema amechelewa.

Tumeanza upya. Nimekata boksi jingine. Sasa tuko kadi ya pili, na mto bado namfunga. Nyuma nimeandika kwa wino: ya Chiriku na mama yake.

Siku moja yule mwalimu atakuwa mkuu wa kituo, pengine cha mwanao. Atakuwa mpole, atamfunga viatu. Wewe mpende tu. Lakini akuulizaye swali usilolielewa, aambiwe alirudie, hata kama ni profesa. Na akitaka picha za kadi, azipige hapo hapo kwenye kamba, mtoto akiona.