Mshindwa Hubeba Mkoba

Mahali pa kumpiga Dominic nilikuwa nimepachagua mapema: pale kofia ngumu inapoishia na sikio kuanza. Nyuma ya kibanda cha walinzi nilichora duara la chaki ukutani, kimo cha kichwa chake, nikawa nalirushia mpira kila nikipata nafasi, hadi lipu ikaanza kubanduka. Mpira wa besiboli ukiushika unadhani ni tunda. Ukikupata ndipo unapojua ni jiwe lililovishwa ngozi, likashonwa kwa uzi mwekundu kama kidonda kilichotoka hospitalini juzi.

Wenzangu walidhani najinoa kwa ajili ya ligi. Niliwaacha wadhani.

Shuleni niliishia darasa la nne, lakini mkono wangu ulisoma hadi ukamaliza. Nilikua nikiamia ndege kwenye mashamba ya wimbi kule Kimilili, na ndege hakupi nafasi ya kumkosa mara mbili. Kwa hiyo Bwana Morgan, yule injinia Mmarekani, alipotuomba sisi walinzi wa makazi yao hapa Riyadh tuunde timu ya kucheza Ijumaa, mimi sikufundishwa mengi. Mrushaji anarusha, mpigaji anausubiri kwa gongo. Akiukosa mara tatu anatoka. Ukimgonga mwilini anapewa kituo cha kwanza bure. Mpigaji akivizunguka vituo vyote akarudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani, timu yake imepata alama. Hayo yalinitosha.

Timu zilikuwa sita: walinzi, wapishi wa Kifilipino, wafagiaji, mafundi wa umeme, watu wa bustani, na madereva wa wakala aliyetuleta kazini, ambao nahodha wao alikuwa Dominic. Bingwa hupelekwa Jeddah kucheza na wenzao wa huko, kwa barua ya Bwana Morgan ambayo hakuna kafili, mwajiri anayekushikia kibali, aliyeikataa. Nahodha wa timu iliyoshindwa fainali naye huenda, lakini huenda akiwa amebeba mkoba wa magongo na glavu za washindi, tangu kwenye basi mpaka uwanjani mpaka kurudi. Ndiyo ada ya ligi. Mwaka uliotangulia mkoba ulibebwa na Mfilipino mfupi kuliko huo mkoba, na picha yake bado imebandikwa jikoni.

Wenzangu walitamani Jeddah kwa sababu ya bahari na samaki. Mimi nilikuwa na mke huko, chini ya mchanga.

Selipher aliajiriwa Al-Naseem, upande wa mashariki wa mji huu huu, na mwaka mzima tulionana mara chache kama watu wanaoibiana. Kisha bosi wake akahamishia familia Jeddah kwa likizo, naye akapakiwa pamoja na mabegi. Huko akaanza kukohoa. Alimpigia Dominic, kwa maana Dominic ndiye aliyekuwa msimamizi wa wanawake wote walioletwa na wakala. Ndiye pekee aliyeweza kuongea na kafili akasikilizwa. Ni mtu wa kwetu, aliyelelewa kwa ugali kama mimi, ila ofisi ya wakala kule Al-Murabba ilikuwa imempa kofia nyeupe ya wakubwa, na kofia ikamkalia hata akilini.

"Ameniambia nisubiri madam arudi safarini," Selipher aliniambia kwenye simu, maneno yakitoka vipande vipande. "Ameniambia nisimharibie kazi."

Nikampigia mimi mwenyewe.

"Naftali, ndugu yangu," alisema, "kila mwanamke akikohoa nikimbie Jeddah? Atapewa dawa. Halas, yameisha."

Madam aliporudi alimkuta mfanyakazi wake hainuki. Mimi niliambiwa baada ya Selipher kuzikwa, kwa ujumbe wa simu, na pasipoti yangu ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la kafili. Wakubwa wa dunia hii walipanua mlango wa kutuingizia, ndege zikawa zinawamwaga wanawake wetu kama mahindi kutoka guniani. Mlango wa kutokea wakauacha tundu la sindano.

Mama mkwe hakulia kwenye simu. Alisema, "Baba Mitchelle, sina mwili. Niletee basi udongo alimolala. Bila udongo sitaanza matanga." Ndivyo ilivyo kwetu: anayelala ugenini, udongo wa kaburi lake hurudishwa ukazikwa kwao, ndipo watu walie, ndipo waache. Tangu siku hiyo mlango wa nyumba yake Selipher ulikuwa wazi mchana kutwa kana kwamba ametoka kuteka maji, na binti yetu Mitchelle hakuwa amenyolewa nywele za msiba. Mtoto alikuwa amening'inizwa kati ya kuwa na mama na kutokuwa naye.

Kwa hiyo nilirusha mipira. Ijumaa baada ya Ijumaa nilirusha, na walinzi tukamaliza msimu tukiwa wa kwanza. Kwa desturi ya ligi, timu mbili za juu tu ndizo huingia fainali. Madereva wa Dominic walikuwa wa nne, wamefungwa mara nyingi kuliko walivyofunga.

Ndipo Bwana Morgan akatuita chini ya kivuli cha mabati, akatangaza kwamba mchujo umepanuliwa. Zitaingia timu nne.

Niliinuka. Kiingereza changu ni cha geti, fungua na funga, kwa hiyo Josphat, mdakaji na nahodha wetu, ndiye aliyenitafsiria.

"Anasema hata kwao Marekani, kwenye ligi ya wanaolipwa, mwaka huu wameongeza timu kwenye mchujo. Anasema watu wakikata tamaa mapema hawaji uwanjani. Timu ya nne ikiwa na matumaini, kila mchezo una maana."

"Mwulize, basi msimu wote tulikuwa tunafukuza nzi? Aliyelima na aliyelala wanakaribishwa kwenye sahani moja? Mwambie wanaofanya hivyo, wawe wa Marekani wawe wa hapa, wanauza jasho la watu wapate viingilio. Mwambie mlango ukipanuliwa, wa kwanza kupita ni mwizi."

Josphat aliongea kidogo. Bwana Morgan akatabasamu, akanipigia makofi.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia umeshukuru."

Watu wakaangua kicheko. Josphat akanivuta kando. "Baba Mitchelle, punguza. Hata wewe ungepimwa kwa mlango mwembamba, darasa la nne hilo lingekufikisha wapi?"

"Lingeniacha nyumbani na mke wangu," nikamjibu.

Dominic alikuwa upande wa pili wa kivuli, kofia nyeupe ameipachika gotini, anachekelea. Hakuwa amewahi kuniangalia usoni tangu Selipher afe. Sasa aliniangalia.

Mchujo ukaenda kama nilivyoogopa. Sisi tuliwatoa mafundi wa umeme. Wafilipino, waliocheza vizuri kuliko wote baada yetu, wakawa na siku moja mbaya mbele ya madereva, na siku moja ilitosha kufuta msimu mzima. Fainali ikawa mimi na Dominic.

Alinifuata asubuhi ya mchezo, nikijaza chupa kwenye pipa la maji.

"Naftali, tuongee kama watu wa nyumbani."

"Ongea."

"Mimi siwezi kubeba mkoba wa walinzi mbele ya wakubwa wangu wa Jeddah. Unaelewa. Legeza mkono leo. Nikifika huko nitakupigia picha ya kaburi la yule wako."

"Yule wangu ana jina."

"Sikiliza. Pale makaburini hapana majina, mawe matupu. Mimi ndiye niliyesimama siku ile kwa niaba ya ofisi. Uende bila mimi kukuonyesha, utachota mchanga wa Mfilipino umpelekee mama mkwe wako." Akanipiga begani kidogo, kama anayempoza ng'ombe. "Fikiria, bwana. Picha nzuri, yenye rangi."

Aliondoka na mwendo wake wa ofisini. Chupa yangu ilikuwa imefurika, maji yananilowesha viatu, nami sikusikia. Kichwa kile nilichokuwa nimekichorea duara ndicho pekee katika nchi yote kilichojua alikolala Selipher. Ningekipasua, ningepasua ramani.

Mchezo ule siukumbuki wote. Nakumbuka vumbi, na wafagiaji wakipiga ndoo kama ngoma. Nakumbuka duru ya mwisho: tuko mbele kwa alama moja, vituo vyao vyote vitatu vina watu, wawili wao wameshatoka, wa tatu akitoka mchezo umekwisha, na anayekuja na gongo ni Dominic. Kofia nyeupe ilikuwa inang'aa. Chini yake, sikio.

"Walete nyumbani, Dominic!" walipiga kelele madereva.

"Mlete jikoni, Naftali, picha inamngoja!" walijibu Wafilipino, ambao hawakuwa wamesamehe.

Mpira wa kwanza niliurusha pale pale nilipopachagua. Mkono ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umezoea duara. Dominic alianguka chali, kofia ikaviringika hadi miguuni mwa Josphat, na mpira ukapita kwa unyoya. Ungempata, angepewa kituo bure, aliyekuwa cha tatu angeingia, alama zingelingana, na mimi ningekuwa nimeridhika dakika moja tu. Aliinuka akiwa na mchanga mdomoni. Alikuwa ameelewa. Nilitamani abaki hivyo hivyo, na uso ule ule, mpaka siku ya kiama.

Josphat alinijia na mpira. "Baba Mitchelle," alisema taratibu, "unataka sikio au unataka Jeddah?"

Iliyofuata mitatu niliirusha katikati, wazi kabisa, mahali ambapo hata mtoto angeiona. Dominic hakuuona hata mmoja. Kila nilipoinua mkono alikuwa ameshafumba macho.

*

Jeddah hewa yake ni nzito, unaivuta kama unakunywa. Tulifungwa vibaya na wenyeji, na sikujali. Dominic alibeba mkoba. Aliubeba kupita mbele ya wakubwa wa wakala waliokuja kutazama, akiwa ameinamisha kofia, nami nilitembea nyuma yake kwa makusudi, polepole, ili atembee polepole zaidi. Kabla ya safari ya kurudi Bwana Morgan aliruhusu basi lisimame kwenye makaburi ya wasio Waislamu. Tulishuka watatu: mimi, Josphat, na mbeba mkoba.

"Tangulia," nikamwambia.

Palikuwa na ukuta, na ndani yake mistari ya mawe yasiyosema kitu. Dominic alianza na mwendo wa mtu anayejua. Mbele kidogo akapunguza. Akageuka kushoto, akarudi.

"Kulikuwa na mti," alisema.

"Mti upi?"

"Wameukata."

Alizunguka tena. Jasho lilikuwa limemchora ramani mgongoni, na mkoba ulikuwa unamvuta bega. Mwishowe akasimama kwenye mstari uliokuwa karibu na ukuta.

"Ni hapa. Ni moja kati ya haya. Haya manne."

"Manne?"

"Siku ile walizikwa kadhaa, Naftali. Wanawake wa kazi. Mimi..." Akaupandisha mkoba begani. "Sikukaa hadi mwisho. Gari lilikuwa linaunguruma nje."

Mfukoni nilikuwa na mpira wa fainali. Bwana Morgan alikuwa ameniachia. Niliushika. Mishono yake ilikaa vidoleni kama imepimwa. Dominic alikuwa mbali nami hatua chache tu, bila gongo, bila mwamuzi, na umbali ule hata kipofu asingekosa. Nyuma yangu Josphat alikohoa mara moja, halafu hakukohoa tena.

Nilitoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu.

"Piga magoti," nikasema.

"Naftali, tafadhali..."

"Mkoba usiushushe."

Alipiga magoti nao. Nilitandaza leso ya Selipher, ile iliyorudishwa ndani ya sanduku lake pamoja na kandambili na Biblia, nikamwonyesha jiwe la kwanza.

"Chota. Taja jina lake."

"Selipher," alisema, akachota.

Kumbe alikuwa analijua. Wakati wote ule alikuwa analijua.

"La pili."

"Huyu simjui ni nani."

"Hata mimi simjui. Chota, useme Selipher."

Akachota, akasema. Kwenye la tatu sauti ilimkauka, nami chupa ya maji ilikuwa kiunoni mwangu. Sikumpa. Akalisema hivyo hivyo, kwa ulimi mkavu. Kwenye la nne alikuwa analia, au lilikuwa jasho, sikuinama kutazama. Nilizikusanya konzi zote nne kwenye leso moja, mchanga wa huyu ukachanganyika na wa yule, hata malaika asingeutenganisha, nikafunga fundo.

Nilimpigia mama mkwe pale pale. Aliitika upesi, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi tangu siku ya kwanza.

"Baba Mitchelle. Umempata?"

"Nimempata, mama."

Nilisikia kuku wake, na mtu akikata kuni. "Basi niwaambie vijana wachimbe?"

"Wachimbe, mama. Mitchelle naye muwe tayari kumnyoa. Ila waambie shimo wasilifanye dogo."

"Si ni udongo tu unaoleta?"

"Ni udongo."

"Sasa shimo liwe kubwa kiasi gani?"

Niliitazama leso, nikayatazama mawe, moja hadi la nne. "Waambie walipanue, mama," nikasema. "Walipanue tu."

Dominic alikuwa bado chini, ananisubiri nimwambie ainuke. Bega lilikuwa linamtetemeka, na ndani ya mkoba magongo yalikuwa yanagongana polepole. Mama mkwe aliuliza ni kelele gani hizo. Nikaketi juu ya ukuta, nikaanza kumweleza, tangu mwanzo.