Lakiri ya Kijani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mzee Lakiri anaikumbuka hata hiyo dakika, maana saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha binti yake, na yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kazi yake siku hiyo ikiwa moja tu: asipite mtu, asigonge mtu. Binti alikuwa mbele ya kompyuta akifanya mtihani wake wa mwisho wa uuguzi, ule wa muda wa saa tatu ambao siku hizi chuo humletea mtu nyumbani kwa njia ya mtandao, na ukishaufungua huwezi kuufungua tena. Alikuwa amefika swali la thelathini na nane kati ya sitini. Kioo kikawa cheusi.

"Baba, umegusa waya?"

"Niguse waya niwe nani, mwanangu? Mimi niko huku mlangoni."

Umeme ulikuwepo. Taa inawaka, redio ya jirani inabwabwaja. Ila ndani ya sanduku la kompyuta kitu kilikuwa kikilia kr, kr, kr, kama mtu anayetafuna mchanga. Binti akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Halafu akaacha kubonyeza, akaweka mikono mapajani, akatulia. Huo utulivu ndio uliomchoma baba yake kuliko kama angepiga mayowe.

Sasa, mtu huyu hakuitwa Mzee Lakiri bure. Shule aliishia darasa la nne, lakini miaka thelathini na moja aliajiriwa idara ya vipimo. Alizunguka madukani na sokoni na kisanduku cha mawe ya shaba, akipima mizani ya kila muuzaji, na ile iliyokuwa sawa akaipiga lakiri: kipande cha risasi kwenye waya, kinabanwa kwa koleo hadi kinatoka na alama. Akishapiga, hakuna wa kufungua. Si mwenye duka, si fundi, si bosi. Siku moja mkuu wake alimwambia apige lakiri mizani arobaini zilizorundikwa stoo, bila kuzipima, kwa sababu mgeni mkubwa anakuja kesho. Akamjibu, "Bosi, koleo hili hapa, piga mwenyewe." Cheo alichokuwa akikingojea kikaenda kwa mwingine, na yeye akapelekwa kuzunguka masoko ya mbali hadi alipostaafu. Hakujuta. Lakiri yake ilikuwa neno lake.

Ndiyo maana walipoamua kununua kompyuta hakukurupuka. Alikwenda kwanza Idara ya Kumlinda Mnunuzi, akapewa kipeperushi chenye picha ya familia inacheka mbele ya kioo. *Unanunua Kompyuta ya Nyumbani? Soma Kwanza.* Alikisoma jioni tatu, kidole kikitangulia, midomo ikifuata. Jua unaitaka kwa kazi gani. Usinunue kwa sababu inang'aa. Dai risiti. Ijaribu dukani. Na mwishoni, kwa herufi nene: *Chagua yenye lakiri ya kijani. Maana yake wataalamu wetu wameikagua.*

Dukani alifuata yote, neno kwa neno. Muuzaji, kijana mwenye maneno laini kama siagi, alimwonyesha moja nyeupe, nyembamba.

"Hii ndiyo habari ya mjini, mzee. Nyepesi, inapendeza sebuleni."

"Mimi sinunui pambo. Lakiri iko wapi?"

"Hii haina, lakini..."

"Lakini ubaki nayo."

Wakafika kwenye ile nyeusi, nzito, ya kuweka mezani, na nyuma yake, juu ya skrubu, kibandiko cha kijani: *IMEKAGULIWA. USIFUNGUE.* Mzee alikipapasa kwa kidole gumba kama anayepapasa paji la uso la mtoto.

"Baba," binti alimnong'oneza, "yule fundi simu wa mtaani kwetu kasema tusilipe kabla hajafungua akatazama ndani. Ni dakika tano tu."

"Fundi simu ndiye aifungue lakiri ya serikali?"

"Kutazama tu, baba."

"Kitu kilichopigwa lakiri hakifunguliwi. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa kweli ungelijua hilo."

Binti akacheka, kwa sababu huo ulikuwa utani wao wa siku zote, na kwa sababu amefanana na baba yake mpaka masikio. Wakalipa. Wakabeba.

Tangu kioo kiwe cheusi, mzee hakuurudia utani huo.

Chuo hakikuwa katili. Walisema vizuri kabisa: leteni barua ya Idara kwamba mashine ilikuwa mbovu, ndani ya siku kumi na nne, naye atarudia mtihani mwezi huu huu. Bila barua, angoje mwaka mzima. Na zahanati iliyokuwa imemwekea binti nafasi wodi ya wazazi ilishasema haiwezi kungoja mwaka.

Duka halikuwa na muda naye. "Sisi tunauza, mzee, hatukagui," alisema yule mwenye maneno ya siagi, ambayo sasa yalikuwa yameganda. "Lakiri si yetu. Nenda kwa wenyewe."

Akaenda kwa wenyewe. Siku ya kwanza anayeshughulika na kompyuta alikuwa semina. Siku ya pili alikuwa amerudi kutoka semina, amechoka. Siku ya tano akaambiwa malalamiko hayapokelewi tena kwa mdomo, yanajazwa kwenye kompyuta nyumbani.

"Kompyuta nyumbani," alisema mzee, "ndiyo ninayoilalamikia."

"Basi azima ya jirani."

Siku ya nane, baada ya kuazima ya jirani, yule afisa wa kompyuta akampa kiti. Alikuwa mtu wa makamo, tai imenyooka, kalamu mbili mfukoni. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mzee wangu, nikuandikie kwamba ni mbovu, lazima nijue ndani kuna nini."

"Fungua."

"Siwezi. Ina lakiri."

"Basi nifungue mimi nikuonyeshe."

"Ukifungua utakuwa umevunja lakiri. Mashine iliyovunjwa lakiri hatuipimi."

Mzee Lakiri akainuka kitini. "Kwa hiyo ikifungwa hamjui, na ikifunguliwa hamtaki kujua."

"Usiliweke hivyo."

"Nimeliweka lilivyo."

Njia nzima alikuwa akiongea peke yake. Maana haikuwa mara ya kwanza. Wodini, miaka miwili nyuma, mkewe alilazwa kando ya mashine ya hewa iliyobandikwa kikaratasi safi: *Imekaguliwa.* Mashine ilikuwa ikikohoa kuliko mgonjwa. Yeye alikiona kikaratasi, akatulia, akamwambia mkewe, "Usiwe na wasiwasi mama watoto, hii imekaguliwa." Hilo ndilo neno la mwisho ambalo mkewe alilisikia kutoka kwake. Na yule mama ndiye aliyesema binti awe muuguzi, aingie mle ndani mtu mmoja angalau wa kuangalia. Wakubwa wa hospitali walikuja mazishini na shada. Shada wanalo siku zote. Dakika tano za kutazama ndani ya kitu kabla ya kukibandika, hizo ndizo hawana.

Siku ya kumi na tatu alirudi, binti nyuma yake, sanduku la kompyuta begani na bisibisi mfukoni. Chumba kilikuwa kimejaa. Aliyekuwa mbele yao kwenye foleni alikuwa mama mmoja mwenye pasi iliyoungua mkono.

"Na wewe wamekuuzia mbuzi kwenye gunia?" akamuuliza.

"Mimi gunia lenyewe lilikuwa na muhuri, dada yangu."

Zamu yake ilipofika alilitua sanduku mezani kwa afisa, puu, kalamu zikaruka. Akatoa bisibisi.

"Mzee wangu, nilishakwambia, ukifungua..."

"Nimekusikia. Miaka thelathini na moja sijawahi kuivunja lakiri ya mtu." Binti akamshikia sanduku lisiteleze. "Leo naivunja, na watu hawa wote ni mashahidi."

Kibandiko kikachanika kwa sauti ndogo tu. Skrubu nne. Akavuta ubavu wa sanduku ukatoka.

Vumbi. Vumbi la miaka, limeganda kama blanketi, juu ya kitu kilichouzwa kama kipya. Mbawakavu mkavu, miguu juu. Kipande cha boksi kimekunjwa kuziba pengo ambapo kitu fulani kilipaswa kuwepo.

"Nyie!" alisema mama mwenye pasi. "Hata mdudu amekaguliwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Binti alikuwa ameinama, ameonyesha kwa kidole kile kidude bapa cha chuma kilichokuwa kikitafuna mchanga, diski yenyewe, panapohifadhiwa kila kitu. Juu yake kulikuwa na kibandiko cheupe, kimefifia. Herufi zilimchukua mzee muda wake. Tarakimu hazikumchukua, tarakimu zilikuwa rafiki zake toka ujana.

"Ma-li ya I-da-ra," alisoma. "Sifuri nne moja saba."

Kisha macho yakamshuka, bila kuyatuma, hadi kwenye ukingo wa meza ya afisa. Kibandiko cheupe, herufi zilezile. *Mali ya Idara. 0416.*

Kicheko kikakatika. Afisa aliona walichokiona watu, akafunika namba ile kwa kiganja, akachelewa.

"Hizo ni... zile za zamani ziliuzwa kwa mnada," alisema. "Zilikuwa mbovu, zikaondolewa. Aliyezinunua kazifanya nini, hilo si la kitengo hiki."

"Mlizitupa kwa kuwa mbovu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Zikarudi hapa, mkazibandika kwamba ni nzima, nikauziwa."

Afisa akamwita mkuu. Mkuu akatoka na miwani mkononi, akatazama sanduku, akatazama chumba, akaanza: mzee wetu, tunathamini sana, suala hili ni mtambuka, itaundwa timu...

"Mimi timu siitaki," alisema Mzee Lakiri. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ile ile aliyotumia stoo, mbele ya mizani arobaini. "Mwanangu kabakiza siku moja. Nataka barua, na kwenye barua nataka jina la mtu mmoja. Mwanangu, wewe una mwandiko mzuri. Waandikie swali juu kabisa, wao wajaze chini."

Binti akavuta karatasi kutoka mezani pa afisa, akachukua moja ya zile kalamu mbili, akaandika kwa herufi kubwa, akaigeuza karatasi iwaelekee. Afisa akaisoma, akamsogezea mkuu. Mkuu akaisoma, akamsogezea afisa. Foleni nzima ilikuwa imesogea mbele, shingo ndefu, na mama mwenye pasi akaisoma kwa sauti kwa ajili ya walio nyuma:

"Siku mlipoibandika lakiri hii, ndani alitazama nani?"